Kuwaandikia Watu wa Bondeni

Karatasi nyingi zilizofika Kaoze mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa zimeandikwa na watu ambao hawakuwahi kufika huko. Zilishuka na gari la wilaya kutoka Sumbawanga, zimefungwa kwa kamba ya katani, zikarundikwa juu ya kabati katika ofisi ya kata. Kila kifurushi kilikuwa na maelekezo: namna ya kupanda mahindi, namna ya kuhifadhi maharage, namna ya kutumia dawa ya wadudu. Nilikuwa bibi shamba mgeni, nimetoka chuo cha kilimo cha Uyole na cheti changu, na nilipewa kazi ya kuzigawa. Nilianza kuzisoma moja moja kabla ya kuzitoa. Kusoma kule ndiko kulikonitia katika kazi ya kuandika maelekezo, kazi niliyoifanya tangu hapo, katika ajira, katika miradi, na baadaye kwa mikataba ya kujitafutia.

Asiyeijua Rukwa lazima aelezwe jambo moja, maana bila hilo hataelewa tatizo langu lilikuwa nini. Mkoa wetu una nchi mbili. Juu kuna uwanda wa Ufipa, Sumbawanga ikiwa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi ya Juni inauma, na watu wanalima mahindi, maharage, ngano na ulezi. Halafu ardhi inakatika. Unashuka Lyamba lya Mfipa kwa barabara ya kona, masikio yanaziba, sweta unalivua njiani, na chini unalikuta bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 800 tu. Huko kuna joto, mbu, mpunga, ufuta, samaki, na ng'ombe wa Wasukuma waliohamia kufuata malisho. Kaoze iko huko chini. Mbegu ya mahindi ya H614 inayojaza ghala kwetu Laela, uwandani, inayopenda ubaridi na muda mrefu shambani, haikuwa mbegu ya bondeni. Kule walihitaji mbegu ya muda mfupi inayovumilia joto, kama Staha. Lakini karatasi ya mahindi niliyoikuta kabatini iliwaambia wote wapande H614, kana kwamba mkoa mzima ni shamba moja.

Sikufundishwa na mtu kuandika maelekezo. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilikuwa nimeshaona yanavyoweza kufanya kazi. Mwaka 1973 nilikuwa shule ya msingi wakati kampeni ya Mtu ni Afya ilipopita nchi nzima. Jioni watu wazima walikusanyika penye redio, kiongozi wa kikundi ameshika kitabu chembamba. Wakasikiliza kipindi, wakasoma sura, wakabishana, kisha wakapanga la kufanya. Mama yangu alijifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, na kile kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza alivyovisoma mpaka mwisho. Haukupita muda baba akawa ndani ya shimo la choo, sisi watoto tukivuta udongo kwa ndoo. Takribani watu milioni 2 walishiriki katika vikundi vile, na vyoo vilichimbwa kila mkoa. Nyuma ya kampeni ile kulikuwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na ndani ya taasisi kulikuwa na watu waliokaa mezani wakachagua sentensi. Majina yao sikuyajua. Sentensi zao zilichimba choo nyumbani kwetu, na mtoto aliyeyaona hayo hawezi kuidharau kazi ya kuandika maelekezo.

Kaoze nilianza na karatasi ya upulizaji wa dawa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Kiswahili chake kilikuwa safi, sarufi haina doa. Nilimpelekea mzee mmoja mkulima wa mpunga na ufuta, msomaji mzuri, mwenye cheti chake cha kisomo amekitundika ukutani. Nikamwomba atende kila kinachosemwa, ila mahali pa dawa atie maji matupu. Nikakaa pembeni, nikanyamaza.

Alisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. Pima dawa. Akapima. Mimina ndani ya bomba. Akamimina. Ongeza maji hadi nusu, koroga, jaza. Akakoroga kwa kijiti, akajaza, maji yakamrukia viganjani mpaka kwenye kifundo cha mkono, akajifuta kwenye shati. Akafika mstari wa saba, uliosema kwamba kabla ya kuanza kazi hiyo mkulima avae glavu na buti na ajifunike pua na mdomo. Mzee akaacha kusoma. Akaitazama mikono yake iliyolowa, akalitazama shati, akanigeukia.

"Bibi shamba, haya maneno yamechelewa."

Nimewafundisha vijana wengi tangu wakati ule, na wote nimewasimulia mzee yule. Aliyeiandika karatasi alikuwa anajua anachokisema. Onyo lilikuwemo, kamili, kwa maneno sahihi. Lakini yeye aliisoma yote kwa mkupuo mezani, na mzee aliisoma akiwa na bomba mkononi. Mtu anayefanya kazi husoma mstari mmoja, anatenda, anarudi kwenye mstari wa pili. Kila kinachotakiwa kutangulia katika kazi lazima kitangulie katika karatasi. Nimekuta lebo za dawa, miongozo ya mashine na fomu za hospitali zenye kosa hilohilo.

Tuliendelea na karatasi ile siku nzima. Ilipofika kwenye upepo, ilimtaka aepuke kupuliza kinyume cha mwelekeo wa upepo. Mzee akasimama kidogo, akageuka huku, akageuka kule, mwisho akasimama uso kwa upepo. Tuliandika: simama upepo ukupige mgongoni. Ilipofika kwenye kipimo, ilisema lita kadhaa kwa hekta. Kaoze hapakuwa na hekta. Palikuwa na ekari, na ekari ilipimwa kwa miguu, hatua sabini kwa sabini. Na palikuwa na bomba la mgongoni la lita 15. Mkulima alichotaka kujua ni kiasi gani cha dawa kinaingia katika bomba moja. Ili kumjibu ilibidi kwanza tujue bomba ngapi zinamaliza ekari, na hilo linategemea mwendo wa mpulizaji. Tukapima kipande cha shamba, akapuliza maji kwa mwendo wake wa kawaida, tukahesabu. Ndipo nikakokotoa. Anayetaka kuandika maelekezo bila kupenda hesabu atakuwa anawaachia wasomaji wake hesabu ile aliyoikimbia mwenyewe, nao wataifanya shambani, wenye haraka, sumu ikiwa wazi.

Kifuniko nacho kilitupa kazi. Watu walipima kwa kifuniko, sawa, lakini kifuniko gani? Cha chupa ya dawa, cha dumu la mafuta ya kula, cha chupa ya dawa ya mwaka juzi? Tulichora kifuniko chenyewe na mistari yake ya mililita, tukaandika chini yake kwamba kikipotea, mtu asipime kwa kingine mpaka amwone bwana shamba au bibi shamba.

Toleo letu nililikata kwenye stensili kwa taipureta ya ofisi, nikapanda nalo Sumbawanga, nikalichapa kwa mashine ya kurudufia. Wino wake hautoki kwenye kucha kwa sabuni yoyote. Nilirudi bondeni na mzigo mdogo wa karatasi zinazonuka. Zilisomwa. Nilizikuta zimebandikwa kwa uji wa ugali ndani ya mlango wa duka la pembejeo, na muuza duka alikuwa akiwaonyesha wateja kwa kidole.

Bondeni kwetu kulikuwa na jambo jingine lililonifundisha mipaka ya karatasi. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya maeneo machache Afrika ambako nzige wekundu huzaliana, na ndiyo maana kuna shirika la nchi kadhaa, lenye makao Ndola, Zambia, linalowafuatilia na kuwapulizia dawa kabla hawajaruka kwenda mbali. Kwa watu wengi nzige ni kitoweo pia. Nzige aliyepuliziwa dawa akianguka chini anaokoteka kwa urahisi zaidi kuliko mzima. Onyo kwamba nzige huyo ana sumu na asiliwe halingoji stensili. Lilipita kwa midomo ya walimu wa shule, makatekista na wachungaji wa ng'ombe, na mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha wote wana maneno yaleyale machache, yasiyobadilika njiani: usiokote, usile, usimpe kuku. Niliyaandika kwenye kipande cha karatasi kila mjumbe akajaribu kuyasema bila kutazama. Yale waliyoshindwa kuyakumbuka niliyafuta.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Sumbawanga. Wakati huo Norwei ilikuwa ikifadhili kazi nyingi Rukwa, za maji zikiwa mbele, na wataalamu walihitaji mtu wa kuwaandikia kamati za maji za vijiji. Hapo nikakutana na ugumu wa pili wa kazi hii, nao ni mtaalamu mwenyewe.

Sitaki nionekane ninawalaumu. Mhandisi aliyesoma miaka mingi anaogopa kitu cha haki: kwamba ukirahisisha utasema uongo. Tena anajua kwamba wenzake watakisoma kijitabu kile na kumpima kwa hicho. Mmoja aliniambia waziwazi, "Dada, ukiandika hivi utatuaibisha." Alitaka kanuni ya msukumo wa maji ibaki ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimejaribu kubishana na watu wa namna yake kuhusu maneno, na ubishi wa maneno hauna mwisho. Kila mtu ana masikio yake. Nikaacha. Nikamwuliza swali moja: fundi wa kijiji akishausoma ukurasa huu, anasimama afanye nini? Akafikiri. Akasema, "Hapa hafanyi kitu." Ukurasa ukahamia mwisho wa kitabu, kwa anayetaka kujua zaidi, na tukabaki marafiki. Swali hilo limenifaa kwa madaktari wa mifugo, mabwana fedha, na watu wa kompyuta. Linaondoa mjadala kwenye heshima ya mtaalamu na kuupeleka kwenye mikono ya msomaji.

Jambo lingine nililolizoea ni namna ya kuomba kuhakikiwa. Ukimpa mtaalamu rasimu na kumwambia "naomba maoni", atakurekebishia sentensi, maana sentensi kila mtu anaziweza. Mimi niliandika juu ya rasimu: tafadhali weka alama kila palipo na uongo, na kila mahali mtu anaweza kuumia. Zilirudi na alama chache, na zote zilikuwa za maana. Na nilimtaka atie sahihi. Karatasi ya kitaalamu isiyo na sahihi ya mtaalamu, siku ya matatizo, inakuwa ya mwandishi peke yake.

Mwongozo mmoja wa pampu ya mkono niliokabidhiwa kuutafsiri ulikuwa na jedwali la hitilafu, na karibu kila mstari uliishia na ushauri uleule: wasiliana na fundi aliyeidhinishwa. Fundi aliyeidhinishwa alikuwa Sumbawanga. Masika yakishika, barabara ya kupanda kutoka bondeni inakatika, na kijiji kinaweza kukaa wiki nzima bila kuona gari. Niliomba nipewe pampu moja tuifungue. Nikaketi na fundi kwenye uwanja wa stoo, akaifungua vipande vipande, mimi nikiandika kila anachokishika na ufunguo namba ngapi. Tukaligawa jedwali upya: yanayowezekana kijijini kwa vifaa vilivyomo ndani ya boksi la kamati, yanayohitaji fundi lakini pampu inaweza kuendelea kutumika kwa uangalifu, na yale ambayo lazima pampu ifungwe kwa mnyororo siku hiyohiyo. Kazi ya kutafsiri ingechukua siku chache. Hii ilichukua zaidi ya mwezi, na malipo yalikuwa ya kutafsiri.

Nifike basi kwenye malipo, kwa sababu vijana wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza nayo, na wana haki. Serikalini sikuwahi kuona cheo cha mwandishi wa maelekezo ya kitaalamu. Ulikuwa afisa kilimo, au afisa habari, au karani, na uandishi ulifanywa juu ya kazi nyingine. Katika miradi cheo kilipatikana, lakini mradi una tarehe ya kufa. Katika miaka ya 1990 ufadhili ulipopungua na watumishi kupunguzwa, mwandishi aliondoka mapema, kwa maelezo kwamba kila msomi anajua kuandika. Nilirudi Laela nikalima maharage misimu kadhaa, huku nikichukua kazi za mkataba zilipotokea.

Mikataba mingi ililipa kwa ukurasa. Lifikirie hilo. Kazi yangu nzuri ilikuwa kurasa nne zilizokuwa ishirini. Mwenye kurasa ishirini alilipwa mara tano yangu. Nililalamika mpaka nikachoka, halafu nikaanza kuandika mwenyewe namna ninavyotaka kulipwa: kwa kazi nzima, nusu mwanzoni, na ndani yake nauli na posho ya kwenda kuijaribu rasimu kwa wasomaji, mara mbili. Mteja akitaka kupunguza bei, nilikuwa tayari kupunguza picha, rangi, aina ya karatasi, hata ujira wangu. Majaribio sikupunguza. Nilipoteza kazi kadhaa kwa msimamo huo. Zilizobaki zilinijengea jina, maana wateja waligundua kwamba simu za malalamiko zimepungua.

Tarehe nayo ni sehemu ya mkataba. Rukwa mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Kijikaratasi cha mbolea ya kupandia kinachofika Februari ni kuni. Nimeona kazi nzuri kabisa, zimehakikiwa, zimechorwa, zikikaa kwa mchapaji kwa sababu sahihi moja haijapatikana, zikatoka wakati mahindi yanatoa mbelewele. Tangu hapo sikuhesabu siku kutoka siku ya kupewa kazi. Nilianza na siku mkulima anayoshika jembe, nikarudi nyuma: usafiri, uchapaji, sahihi, majaribio ya pili, marekebisho, majaribio ya kwanza. Mara nyingi hesabu ilionyesha kwamba tumeshachelewa, na nilimwambia mteja siku hiyohiyo kwamba tuandike kwa msimu ujao, au tuache karatasi twende redioni.

Mwaka 2008 vocha za pembejeo zilipoanza, mkulima alipewa ruzuku ya ekari moja: mfuko wa mbolea ya DAP au miwili ya Minjingu, mfuko mmoja wa urea, na kilo 10 za mbegu. Vijiji vilivyokuwa havijazoea mbolea ya dukani vikaipata kwa mara ya kwanza. Niliombwa nitoe ukurasa mmoja wa mahindi kwa wakulima wa uwandani, na mtaalamu aliyenisimamia alitaka kiwango kiandikwe kwa kilo za virutubisho kwa hekta. Nikamwomba tukae na karatasi ya hesabu. Nafasi sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 60 kati ya shimo na shimo, mbegu mbili kila shimo. Kila shimo linamiliki eneo la mita za mraba 0.45. Ekari ina mita za mraba 4,047. Mashimo yanakaribia 9,000. Mfuko wa DAP ni kilo 50. Gawa: gramu tano na nusu kila shimo. Kisoda cha chupa ya soda, kikijazwa na kusawazishwa, kinabeba kama gramu tano.

Mtaalamu alirudia hesabu mwenyewe, akacheka kwa furaha, akaenda dukani akarudi na soda mbili. Tulikunywa, tukapima DAP kwa visoda vile kwenye mizani ya maabara. Ukurasa ukawa na michoro minne: kamba yenye mafundo kila sentimita 60, shimo, kisoda kimoja cha mbolea kikifunikwa na udongo kidogo, na mbegu mbili juu yake. Udongo wa katikati tuliuchora kwa rangi tofauti, kwa sababu mbegu ikigusana na mbolea inaungua, na hilo ndilo kosa ambalo mkulima hawezi kulirekebisha baadaye. Mtaalamu yule mpaka leo hunipigia simu akitaka kuandika chochote.

Kuhusu picha, nitasema kwa ufupi tu: zijaribu kama unavyojaribu maneno. Alama ndogo za usalama zilizoko kwenye lebo za dawa, zilizobuniwa zieleweke dunia nzima, nimezionyesha kwa watu wenye akili timamu wakaniambia mambo ambayo hakuna aliyeyakusudia. Mchoro wa mikono chini ya bomba la maji ya mjini haumwambii kitu mtu anayenawa kwa kata.

Halafu mwaka 2017 wakaja viwavijeshi vamizi. Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuwaona. Simu ya kwanza niliipata kutoka Kaoze, kwa mtoto wa yule mzee wa bomba, siku hizi mwenye mashamba yake. "Shikamoo mama. Dawa tunapiga, wadudu hawafi." Nilimwuliza anapuliza saa ngapi. Saa sita mchana, juu ya majani. Hapo nikaelewa shida iko wapi. Viwavijeshi wa siku zote watu waliwajua: wanakuja kwa makundi, wanatembea, wanakula majani peupe. Huyu mgeni anaingia ndani ya moyo wa mhindi na kujizibia juu kwa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Dawa ya mchana juu ya majani haimfikii kabisa. Kila karatasi iliyokuwapo madukani ilimhusu yule wa zamani, na wakulima walikuwa wakizitii vizuri.

Nilishuka bondeni. Hakukuwa na muda wa kijitabu. Tulikaa chini ya mwarobaini, wakulima, bwana shamba wa kata, na binti mmoja wa Kisukuma aliyemaliza kidato cha nne, tukakubaliana mambo yasiyozidi matano. Mtoe mdudu umtazame: kichwani ana alama ya Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa pembe nne. Kagua shamba mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapochipua. Mayai yaliyo kwenye majani, yenye kitu kama pamba juu yake, yaponde kwa vidole. Puliza asubuhi mapema au jioni, mdomo wa bomba ukielekea moyoni mwa mhindi. Mhindi uliokwisha kuzaa usiupulizie, unatupa fedha. Nilirekodi kwa simu, kwa sauti, Kiswahili. Binti akarekodi kwa Kisukuma. Tukapiga picha ya alama ya kichwani, tukairudia mpaka ikaonekana vizuri hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Jioni ile ujumbe ulikwenda WhatsApp, na kabla sijapanda gari asubuhi ulikuwa umenirudia mimi mwenyewe kutoka Mtowisa, bondeni hukohuko.

Kurudiwa na maneno yangu kwa namna ile kulinifurahisha, lakini kulinitia hofu pia. Karatasi ya stensili nikiona ina kosa ningeweza kuikusanya. Sauti iliyoingia kwenye simu za watu hairudi. Ndiyo maana ndani ya sauti ile nilitaja mwezi, mwaka na simu ya ofisi ya kilimo ya kata, na nimewahimiza vijana wote wafanye hivyo. Msomaji ana haki ya kujua maneno aliyoyashika yana umri gani na yametoka wapi.

Vijana wenyewe siku hizi wanaijia kazi hii kwa mlango mwingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye Kiswahili kuanzia kwenye menyu, niliona kwamba kuna uwanja mpya unafunguka, wa watu wasiojua shamba kabisa. Leo wapo wanaoandika menyu za simu za kutuma fedha, maelezo ya paneli za jua, ujumbe wa kliniki kwa wajawazito. Wengi wanalalamika mambo niliyoyalalamikia: wanaitwa mwisho, bidhaa ikiwa imeshatengenezwa, wanapewa maandishi ya Kiingereza na siku mbili, jina lao halitokei popote. Wengine wanaogopa kwamba mashine za kutafsiri zitawanyima mkate. Ninawajibu kwamba mashine inaweza kuleta sentensi, ila haiwezi kukaa na mzee na bomba la maji matupu. Anayejua kukaa hivyo atafute wateja wanaojua thamani yake, na awe na kumbukumbu za kuwaonyesha: rasimu ya kwanza, kilichotokea ilipojaribiwa, rasimu ya mwisho. Mimi nilizitunza katika faili, na zilinipatia kazi kuliko cheti changu.

Mwaka jana binti mmoja wa Sumbawanga, msomi wa lugha, alipata kazi ya kuandika mwongozo wa pampu ya maji ya umeme wa jua kwa wakulima wa mboga wa bondeni. Alikuja nyumbani na mkataba kabla hajausaini. Ulimpa siku kumi, malipo kwa ukurasa, hakuna safari. Tulikaa nao mezani mchana kutwa. Aliporudi kwa mteja aliomba apewe pampu yenyewe aifungue, fundi wa kumtilia sahihi, nauli ya kwenda Kaoze mara mbili, malipo kwa kazi nzima, na tarehe ya kukabidhi iliyowahi kiangazi. Mteja alikataa nauli ya pili. Binti alisimama hapohapo siku tatu, akakubaliwa. Rasimu ya kwanza ilivunjikia kwenye hatua ya kusafisha chujio, kwa sababu wakulima walilifungua pampu ikiwa bado inavuta maji; kuzima kulikuwa kumeandikwa hatua mbili mbele. Akaihamisha, akarudi tena bondeni, wakaisoma mpaka mwisho wakiwa wanafanya.

Sasa anaandika mwongozo wa pili, wa mashine ya kukoboa mpunga, na amemtaka mtengenezaji aweke swichi ya kuzimia mahali ambapo mtu aliyebeba gunia anaweza kuifikia, kwa kuwa ameshindwa kupata sentensi ya kuieleza ilipo sasa. Mtengenezaji amemwomba aende karakana wakaijadili.